Rubani wa nyota aliyenena Kikuyu: lugha za sinema zatoka wapi?

Tulikuwa barazani, mtaa wa Langoni, Lamu, baada ya sala ya isha. Stima ilikuwa imekatika tangu magharibi, lakini laptopu ya mwana wa ndugu yangu ilikuwa na chaji, na ndani yake vita vya angani vilikuwa vimepamba moto. Ilikuwa Return of the Jedi, sinema ya mwaka 1983 katika mfululizo wa Star Wars. Karibu na mwisho, chombo kinajipanga kuingia vitani, na ubavuni mwa nahodha ameketi rubani wa ajabu: mashavu yamening'inia, macho meusi kama kokwa za zambarau. Akafunua kinywa, akasema maneno mawili matatu, akacheka.

Kijana mmoja aliyekuja na mpwa wangu, wanasoma pamoja, kwao Mpeketoni, penye Wakikuyu wengi, akaruka kutoka kwenye mkeka. "Hebu rudisha! Huyu anaongea Kikuyu!"

Tukarudisha. Mara ya kwanza sikusikia kitu, mara ya pili nikasikia kidogo, mara ya tatu yule kijana akatutafsiria: rubani anawaambia watu kitu kama "ninyi nyote mlio hapo, njooni hapa." Katikati ya vita vya nyota. Kahawa ilimwagika kwa kicheko.

"Ami," mpwa wangu akaniuliza tulipotulia, "kwani viumbe hawa hawana lugha yao? Au ni kelele tu wanatungiwa?"

Swali hilo lilikuwa refu kuliko chaji iliyobaki, kwa hiyo nalijibu hapa.

Nianze na jambo ambalo kila mtoto aliyekulia kwenye vichochoro vya Lamu analijua: kinyume. Unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele. Maji yanakuwa jima, nyumba inakuwa mbanyu, chakula kinakuwa lachaku. Mwepesi wa kinyume anaweza kumteta mtu aliyeketi mbele yake, na mtetwa akabaki anatabasamu. Lakini kinyume, pamoja na ujanja wake wote, hakijawa lugha. Kivue kanzu, chini yake utakuta Kiswahili kile kile, na ngeli zake, na mpangilio wake. Kilichobadilika ni vazi.

Lugha za sinema nazo ziko za namna tatu. Zipo zilizobadilishwa vazi tu. Zipo zilizochanganywa kama pilau la mabaki. Na zipo zilizojengwa tangu msingi, na mtu aliyekaa kuamua wingi unaundwaje na kitenzi kinakaa wapi. Mtazamaji akizisikia zote kwa sekunde tano hawezi kuzitofautisha. Akikaa nazo kwa dakika kumi, tofauti inaanza kuonekana.

Yule rubani, Nien Nunb, yumo katika kundi la kwanza. Mtaalamu wa sauti wa sinema hizo, Ben Burtt, hakuwa mwanaisimu. Alichotafuta ni sauti yenye uhai wa lugha halisi, yaani pumzi, mkazo, kupanda na kushuka, lakini ambayo mtazamaji wake asingeielewa. Mtu akibwabwaja ovyo, sikio linamgundua haraka, kwa kuwa mdomo hurudia silabi zile zile. Mtu akisema lugha yake ya nyumbani habwabwaji. Basi Burtt akaenda sokoni kwa lugha za dunia. Wale vibeti wenye kofia za joho waliomo kwenye sinema ya kwanza ya 1977, Jawa, sauti yao ilitokana na Kizulu kilichoharakishwa. Lugha ya Jabba, lile jitu mfano wa konokono asiye na gamba, ilitokana na milio ya Kiquechua cha milima ya Andes. Viumbe wa manyoya wa msituni walipewa sauti zenye asili ya Kikalmyk, lugha ya jamii yenye asili ya Kimongolia iliyoko Urusi. Na kwa Nien Nunb alipatikana mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich.

Hapo pana neno moja la kutazamwa: mtazamaji "asingeielewa". Mtazamaji yupi? Aliyekusudiwa alikuwa ameketi California. Mtu wa Nyeri au wa Mpeketoni hakuwamo kwenye hesabu. Sisemi hivi kwa kinyongo, maana nilicheka kama wengine, na nasikia fahari kidogo kwamba lugha ya jirani yetu ilifika mbali hivyo. Lakini ndilo jibu la kwanza kwa mpwa wangu. Lugha nyingi za "sayari nyingine" zilizaliwa hapa hapa duniani, katika vinywa vya watu waliohesabiwa kuwa mbali.

Kiswahili chenyewe kilipanda chombo mapema zaidi. Afisa wa mawasiliano katika Star Trek, mfululizo wa televisheni wa safari za angani ulioanza Septemba 1966 anaitwa Uhura, jina lililokatwa kutoka neno letu uhuru. Hakikuwa lugha ya wageni wa angani. Kilikuwa lugha ya mtu wa Afrika wa miaka ya mbele, na hilo kwa wakati ule halikuwa dogo.

Kundi la pili, la michanganyiko, nitalipita mbio. A Clockwork Orange ya 1971, iliyotokana na riwaya ya Anthony Burgess ya 1962, ina vijana wahuni wa siku zijazo wanaosema Kiingereza kilichopachikwa Kirusi: droog ni rafiki, moloko ni maziwa. Blade Runner ya 1982 ina mpelelezi Gaff, na mwigizaji wake Edward James Olmos alikusanya mwenyewe maneno ya Kihungari, Kijapani, Kijerumani na mengineyo akayafanya lugha ya mtaani. Aliyepita Nairobi na kusikia Sheng ikichota Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu na Kijaluo katika sentensi moja hatashangaa hata kidogo. Tofauti ni kwamba Sheng ilitungwa na maelfu ya watoto bila kupanga, na ile ilitungwa na mtu mmoja mwenye daftari.

Sasa kundi la tatu, ndilo lenye utamu.

Kwa televisheni, mwanaisimu Victoria Fromkin wa chuo kikuu cha UCLA alitunga Kipakuni kwa ajili ya mfululizo wa watoto wa mwaka 1974, Land of the Lost, na aliegemea lugha za Afrika Magharibi, za jamii ya Kiakan. Tena Afrika, mwaona. Lakini lugha iliyofungua mlango kwenye sinema ni Kiklingoni, lugha ya Waklingoni, wapiganaji wa angani wa Star Trek.

Mwanzo wake ni wa kawaida kabisa. Katika sinema ya kwanza ya Star Trek, mwaka 1979, walihitajika Waklingoni wapige kelele za amri kwenye chombo chao. James Doohan, mwigizaji wa mhandisi Scotty, akatunga silabi chache kavu zenye kukwaruza. Hazikuwa na sarufi. Miaka mitatu baadaye ndipo alipoingia Marc Okrand. Mwaka 1982 alikuwa Los Angeles kwa kazi ya maandishi ya kwenye kioo kwa ajili ya viziwi, katika matangazo ya tuzo za Oscar, na kwa kujuana akaitwa studio. Pana mazungumzo mafupi yaliyokwisha kupigwa kwa Kiingereza, akaambiwa, na sasa yanatakiwa yawe ya Kivulkani, lugha ya jamii nyingine ya Star Trek. Ikabidi atunge maneno yanayofuata midomo ya waigizaji iliyokwisha kusema kitu kingine! Anayejua kazi ya madijei wetu wanaotia Kiswahili juu ya sinema za Kihindi ataelewa, ila dijei haulizwi kama mdomo umefumba pale penye "m". Kazi ikapendeza, na kwa sinema ya tatu, ya 1984, akapewa Kiklingoni chote.

Okrand alikuwa nani kabla ya hapo? Tasnifu yake ya udaktari, chuo kikuu cha Berkeley, 1977, ilihusu sarufi ya Kimutsun, lugha ya wenyeji wa California ambayo msemaji wake fasaha wa mwisho alifariki mwaka 1930. Aliijenga sarufi hiyo kutoka kwenye maandishi yaliyoachwa na mtafiti wa zamani. Hebu fikiria: mtu aliyezoea kufufua lugha kutoka kwenye makaratasi anaambiwa aumbe nyingine isiyokuwa na makaratasi.

Alichofanya ni kutafuta yale ambayo lugha za wanadamu haziyapendi. Lugha nyingi mno huanza na mtenda au na kitenzi. Zinazoanza na mtendwa na kumalizia na mtenda ni chache sana duniani. Akachukua hiyo. Kwa Kiklingoni, puq legh yaS ni "afisa anamwona mtoto", lakini neno kwa neno ni "mtoto – ona – afisa". Ukigeuza, yaS legh puq, mtoto ndiye anayemwona afisa. Sauti nazo alizichagua zisizozoea kukaa pamoja. Hakuna "k" kabisa, wala "kl", ndiyo maana Waklingoni wenyewe hawawezi kulitamka jina tulilowapa: wao husema tlhIngan. Zile silabi za Doohan hakuzitupa. Alizifanya jiwe la kwanza, na sarufi ikabidi izikubali.

Lakini linalomfanya msemaji wa Kiswahili akae vizuri kwenye kiti ni wingi. Mwingereza akifika hapo kwenye kamusi ya Kiklingoni, iliyochapishwa 1985, anajikuna kichwa, kwa kuwa wingi uko wa aina tatu. Viumbe wenye uwezo wa kusema huongezewa -pu': puq ni mtoto, puqpu' ni watoto. Viungo vya mwili huongezewa -Du': ghop ni mkono, ghopDu' ni mikono. Vilivyobaki vyote huongezewa -mey: yuQ ni sayari, yuQmey ni sayari nyingi. Sisi tutauliza tu: basi hizo si ngeli? Ni ngeli, ingawa changa na chache. Na tazama ujanja huu. Mtu akikosea makusudi, akasema puqmey, akampa mtoto wingi wa vitu, maana yake inakuwa watoto waliotapakaa kila mahali. Ndiyo maana nilicheka nilipoisoma, kwa kuwa mama yangu alikuwa akitoka uani, akatukuta tumezagaa, anasema "hivi vitoto". Alituhamisha ngeli, na sote tulijua kwa nini.

Kitenzi pia kitakupa usingizi mwema. Kiambishi kimoja mbele ya kitenzi kinabeba mtenda na mtendwa kwa pamoja. Sisi tunaviweka viwili, "ni-" na "-ku-", katika ninakuona. Mklingoni anaweka kimoja, qa-, kinachosema "mimi kwako" kwa pigo moja: qalegh. Salamu ndizo hakuna. Kinachokaribia salamu ni nuqneH, yaani "unataka nini?" Hapa Lamu, ambapo "wambaje" peke yake haitoshi mpaka uulizwe habari za nyumbani, za wazee na za safari, mtu wa namna hiyo asingeuziwa hata kiberiti.

Lugha ikawatoka wenyewe mikononi. Taasisi ya Lugha ya Kiklingoni ilianzishwa Marekani mwaka 1992. Tamthilia ya Hamlet ilitolewa kwa Kiklingoni 1996, na mwaka 2010 ikaimbwa opera nzima huko The Hague. Mwishoni mwa 2015 kampuni zenye Star Trek ziliwashtaki watu waliotengeneza sinema yao ya ushabiki, na mwaka 2016 lugha yenyewe ikatajwa miongoni mwa mali zilizoibwa. Jumuiya ya watunzi wa lugha ikaandikia mahakama kupinga: lugha haina mwenyewe. Kesi ikamalizwa kwa mapatano Januari 2017, na swali likabaki bila hukumu. Mimi naona jibu liko wazi, lakini mimi si hakimu.

Tangu Kiklingoni, wakurugenzi wa sinema kubwa hawathubutu tena kubwabwaja, kwa sababu mtazamaji wa leo anasimamisha picha, anaandika alichosikia, analinganisha na alichosikia saa moja nyuma. James Cameron alipotaka lugha ya Avatar alikuwa na maneno yake kama 30, yenye ladha ya visiwa vya Pasifiki. Mwaka 2005 akampata Paul Frommer, mwanaisimu aliyekuwa akifundisha katika shule ya biashara ya chuo kikuu cha USC. Sinema ilipotoka Desemba 2009, Kinavi, ndilo jina la lugha hiyo, kilikuwa na maneno yapata 1,000.

Frommer hakutafuta ukali. Alitaka watazamaji waipende lugha, akaitafutia upekee katika sehemu mbili. Kwanza, sauti tatu za kufyatua, zinazoandikwa px, tx, kx. Hewa haitoki mapafuni. Inabanwa kooni na kufyatuliwa kama kizibo cha chupa. Kiamhari kinazo. Sisi wa mwambao hatunazo, ila tuna jamaa zao. Nenda kwa wavuvi useme unataka "kaa" bila pumzi, watakuonyesha makaa ya kuchomea. Useme k'aa, kwa pumzi, watakupa mwenye magando. Pumzi moja ndiyo inayotenganisha jiko na kitoweo, na vitabu vya shule havituandikii tofauti hiyo.

Pili, njeo, yaani alama ya wakati katika kitenzi. Kwa Kinavi, taron ni kuwinda. Wakati uliopita unachomekwa ndani ya mzizi wenyewe: tamaron. Wakati ujao: tayaron. Sisi pia tunaweka njeo katikati, aliwinda, atawinda, lakini tunaheshimu mzizi, -winda inabaki nzima. Mnavi anaupasua mzizi na kuingiza njeo tumboni, kama fundi wa mlango wa Lamu anayetoboa ubao ili apachike nakshi badala ya kuigandisha juu.

Na sinema ya pili ilipotoka 2022 ikawapeleka kwa watu wa pwani, Frommer akawatungia lahaja. Penye px, tx, kx mwanzoni mwa silabi, watu hao wa pwani husema b, d, g. Hapo nilisimama, maana hilo ndilo tulilozaliwa nalo. Mtu wa bara husema macho, Mwamu, yaani mtu wa Lamu, husema mato. Nchi ni nti, njia ni ndia, maji ni mai, moja ni moya. Haibadiliki ovyo. Inabadilika kwa kanuni, na ukishaijua kanuni unaweza kukisia neno ambalo hujawahi kulisikia. Mtunzi hodari hatungi maneno mawili kwa lahaja mbili. Anatunga neno moja na njia mbili za kuzeeka.

Hiyo ya kuzeesha ndiyo kazi ya David J. Peterson, mtunzi wa lugha nyingi za televisheni na, tangu 2021, za sinema za Dune. Yeye huanza na lugha mama, halafu anaipitisha katika karne za kubuni: irabu zinamezwa, viambishi vinasagika, maana zinahama. Ukikuta neno lenye umbo lisilofuata kanuni, si kwamba alisahau. Ni kovu la kanuni ya zamani.

Dune ni mahali ambapo mtu wa Lamu anasikia zaidi ya alichokusudiwa. Frank Herbert, katika riwaya yake ya 1965, aliwapa watu wa jangwani maneno ya Kiarabu kwa wingi. Mkombozi wao ni Mahdi, na hilo halihitaji mkalimani hapa. Wanamwita pia Lisan al-Gaib. Lisani, ulimi, ghaibu, yaliyofichika. Mzee yeyote anayesoma tenzi za kale ataifungua bila kamusi. Jina lake jingine, Muad'Dib, ndani ya hadithi ni panya wa jangwani, lakini sikio letu linasikia adabu, kuadibu, mwenye kufunza watu adabu. Peterson alipotunga lugha ya sinema hakukitegemea Kiarabu, akieleza kwamba katika umbali wa miaka ya hadithi hiyo, Kiarabu kisingeweza kubaki kinatambulika. Kwa kanuni za isimu ana haki. Lakini naona alihesabu maneno ya sokoni. Yale yanayohifadhiwa kwa moyo madrasani, mtoto akirekebishwa herufi moja moja na mwalimu, huzeeka taratibu mno. Pita karibu na Msikiti wa Riyadha asubuhi usikilize.

Ya Arrival, sinema ya 2016 kuhusu wageni wa angani, ni kisa kingine, kwa kuwa lugha yake kubwa ni ya kuandikwa. Msanii Martine Bertrand alichora alama za duara kama doa la kahawa lililoachwa na kikombe, zikafika kama 100, na mwanaisimu Jessica Coon wa chuo kikuu cha McGill akashauri jinsi mtafiti angezikabili kweli. Sentensi nzima iko katika duara moja, haina mwanzo wala mwisho, na hadithi inadai kwamba anayejifunza kuiandika anaanza kuuona wakati kwa namna hiyo hiyo. Wanaisimu wengi hawalikubali dai hilo kwa ukubwa wake. Kama hadithi, linakaa.

Wiki moja baada ya ule usiku, mpwa wangu alinijia na daftari. Ameitunga yake, akasema. Nikaifungua: maneno thelathini hivi, yote yamejaa alama za kukatia juu kama mbegu za ufuta. Nikayasoma bila hizo alama, nikakuta jima, nikakuta mbanyu.

"Hii ni kinyume, bwana. Umeivisha kofia tu."

Akacheka, akakubali. Nikamuuliza wingi wa dau katika lugha yake ni nini. Akafikiri, akatazama upande wa gati.

"Dau tupu au dau lenye watu, ami?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Dau lenye watu linasema. Lina wingi wa wenye kusema."

"Na likizama?"

Akanyamaza. Akaniomba kalamu.